Shajara ya mfuko wa ujifunzaji: vikaratasi, dagaa na tarehe 30 Juni

9 Oktoba

Barua imetoka asubuhi ya leo. Menejimenti ya chuo imeridhia shilingi milioni 12 kutoka mapato ya ndani, ziende kwa walimu wanaotaka kuchunguza wanafunzi wao wanajifunza nini hasa na kurekebisha ufundishaji pale wanapoona panavuja. Nimepewa kuratibu. Naiandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wa vyuo vya Kanda ya Ziwa ambao wameniuliza mara nyingi mfuko wa namna hii unaendeshwaje, na kwa walimu wa hapa Mwanza wenye haki ya kujua fedha hizi zinakwenda wapi.

Nimelipigania jambo hili kwa miaka miwili. Mwalimu wa chuo kikuu kwetu anajua mwanafunzi wake amepata ngapi, lakini hajui kilichomkwamisha. Alama 40 za kazi za semesta, 60 za mtihani wa mwisho, zinajumlishwa, bodi ya mitihani inakaa, wa kusapu, yaani kurudia mtihani, wanajulikana, wa kudisko, yaani waliofukuzwa masomo, wanafunga mizigo. Mwaka unaofuata tunaingia na vitini vilevile, na swali lililowaangusha wa mwaka jana linawaangusha wa mwaka huu. Fomu ya tathmini tunayowapa mwisho wa semesta inawauliza kama mwalimu anawahi na kama anasikika hadi nyuma. Ni mambo ya maana. Lakini mwalimu anaweza kuwahi, akasikika, akapendwa, na darasa likatoka bila kuelewa wastani ni kitu gani.

Fedha kubwa za elimu ya juu zipo nchini. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, ni wa kujenga madarasa na maabara na kusomesha wahadhiri. Naushukuru. Milioni zetu 12 ni za kazi ndogo inayokuja baada ya jengo kukamilika: kukaa na karatasi za wanafunzi na kuzisoma.

23 Oktoba

Maandiko 23 yamefika. Nimeyasoma yote jana usiku mpaka dirisha la jirani likazimwa taa.

Kumi na manne yanaomba vifaa: projekta, kompyuta mpakato, spika. Matano yanaomba semina ya siku mbili hotelini, chakula na posho. Manne tu yamemtaja mwanafunzi kwa namna inayoonyesha mwandishi ana jambo linalomkosesha usingizi kuhusu darasa lake.

Siwalaumu wenzangu. Tumezoeshwa kwamba fedha za mradi ni za kununua kitu kinachoonekana, chenye namba ya mali ya chuo na stika ubavuni. Mkaguzi akija aone. Kamati yetu ya watu watano imekaa mchana, tukakubaliana tusikatae andiko hata moja. Tumeyarudisha yote 23 na swali moja juu ya karatasi: *Ni kitu gani kuhusu wanafunzi wako hukijui, na ungekijua ungefundisha tofauti?*

Siku kumi za kujibu.

6 Novemba

Yamerudi 11. Tumechagua sita: Takwimu, Fizikia, Uuguzi, Sosholojia, Uhasibu na Ualimu. Kila mmoja shilingi 1,800,000. Inayobaki, 1,200,000, ni ya karatasi, kuchapa, na chai ya vikao. Vikao vyenyewe vitakuwa chumba cha mikutano cha kitivo, si hotelini.

Sharti lililozua mjadala mrefu ni la malipo kutoka mara mbili. Nusu ya kwanza mwalimu anapoanza kupima. Nusu ya pili anapokuwa amebadilisha ufundishaji wake na kupima tena. Mjumbe mmoja alisema tunawafanya wenzetu kama vibarua. Nikamjibu kwamba nimeshakaa kwenye miradi mitatu iliyoishia kwenye ripoti: tulipima, tukagundua, tukaandika, tukafunga jalada, na darasani hakikubadilika hata kipande cha chaki. Fedha zikiishia kwenye kugundua, mwanafunzi hapati kitu. Nilisimama hapo na sikutaka kusogea, nakiri kwa sauti ya juu kidogo, na sharti likapita kwa kura tatu kwa mbili.

20 Novemba

Leo nimekaa kiti cha nyuma kwenye darasa la Takwimu, mwaka wa kwanza, wanafunzi 61 wa biashara. Nataka niieleze siku hii kwa urefu.

Mwalimu wao aliandika kwenye andiko lake kwamba wanafunzi wanakokotoa vizuri lakini ana shaka kama wanajua wanachokikokotoa. Akawapa kipande cha karatasi, nusu ya A4, hakuna jina, hakuna alama. Swali lilikuwa la Mwaloni, soko la Kirumba ambalo kila mtu wa hapa analijua kwa harufu kabla ya kulifikia: wafanyabiashara watano wa dagaa wameuza siku moja ndoo 4, 5, 5, 6 na 40. Sehemu ya kwanza, tafuta wastani. Sehemu ya pili, kwa sentensi mbili, je, wastani huo unakuambia nini kuhusu mfanyabiashara wa kawaida pale? Swali liliandikwa Kiingereza, majibu Kiingereza, kama ilivyo kanuni.

Dakika kumi zikaisha, tukakusanya. Tuliketi ofisini kwake, mimi na yeye, tukazipanga karatasi mezani kwa mafungu. Wastani ni 12, na wanafunzi 58 kati ya 61 wameupata. Angeishia hapo, kama tunavyoishia kwenye mitihani mingi, angesema darasa limeelewa.

Fungu la sehemu ya pili likawa jambo jingine. Wengi wameandika kwamba mfanyabiashara wa kawaida anauza ndoo 12 kwa siku. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyekaribia 12! Wanne wako chini sana, mmoja yuko juu sana. Waliosema hivyo, kwa namna yoyote ile, hata kwa Kiingereza kilichovunjika, walikuwa 17. Wengine waliandika maneno ya kitini kama yalivyo: wastani ni jumla ya thamani zote ikigawanywa kwa idadi yake. Sentensi nzuri, imekaririwa vizuri, haijibu swali.

Tulipokuwa tunamaliza, binti mmoja akagonga mlango. Alisahau daftari lake. Akatuona na karatasi, akasita, halafu akauliza kwa heshima, "Samahani Mwalimu, naweza kusema kitu kuhusu lile swali?" Akaambiwa aseme. "Huyo wa ndoo arobaini ana boti yake mwenyewe. Wale wengine wananunua ufukweni ndiyo wanauza. Huwezi kuwachanganya." Mama yake anauza dagaa, wametokea Ukerewe.

Mwalimu akamwuliza, mbona hukuandika hivyo? Akasema, "Niliogopa. Nilijua kwa Kiswahili."

Alipotoka tulikaa kimya. Mwalimu alichukua lile fungu kubwa akaanza kulisoma upya, karatasi moja baada ya nyingine, taratibu.

27 Novemba

Darasa lilelile, swali la aina ileile lenye namba nyingine, mshahara wa wafanyakazi wa duka. Safari hii mwanafunzi ajibu kwa lugha anayotaka. Waliotambua kwamba wastani umevutwa na mtu mmoja wamefika 34, kutoka 17.

Nilifurahi, nikataka kuandika kwamba lugha ndiyo kizuizi. Mwalimu wa Takwimu alinizuia. "Hapana. Wamelifanya zoezi hili mara ya pili. Huenda ni lugha, huenda ni kwamba wiki nzima wamelijadili bwenini. Siwezi kuyatenganisha." Njia pekee ya kuyatenganisha ni kuligawa darasa jipya nusu kwa nusu, kwa kura, siku moja, swali moja: nusu wajibu Kiingereza tu, nusu wajibu watakavyo. Darasa jipya la kozi hii litakuja Novemba mwakani.

Nimeiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wetu wa fedha unaisha 30 Juni.

4 Desemba

Tumepata pigo kwenye Uhasibu. Mwalimu alihofia wanafunzi hawatalichukulia jaribio la awali kwa uzito, akaliwekea alama 5 za kazi za semesta. Darasa lake lina mikondo miwili, mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano. Jumatatu usiku picha ya karatasi ilikuwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp, na desa lenye majibu yote lilichapwa kwenye kibanda cha nje ya geti. Mkondo wa Jumatatu umepata wastani wa asilimia 38. Wa Jumatano, 91.

Mwalimu alikuja ofisini amekasirika, anataka kuwapeleka wanafunzi kwenye kamati ya nidhamu. Nilimwomba aketi kwanza. Wanafunzi wamefanya kile ambacho mfumo wetu umewafundisha tangu shule ya msingi: palipo na alama, ficha usichokijua. Na sisi tulikuwa tunataka waonyeshe wasichokijua. Ukiweka alama kwenye jaribio la namna hii unamlipa mwanafunzi ili akudanganye.

Tumeikubali takwimu ya Jumatatu, tumeitupa ya Jumatano. Kuanzia leo hakuna jaribio la awali lenye alama katika miradi yote sita, na mwanafunzi anaandika namba ya siri badala ya jina. Kanuni hiyo nilipaswa kuiweka Oktoba. Kosa ni langu, si la mwalimu.

15 Januari

Kikao cha Sosholojia, na nimetoka nacho kichwa kizito.

Mwalimu wa mradi huu anafundisha darasa la zaidi ya wanafunzi 300, insha zinasahihishwa na watu watano. Andiko lake liliuliza kitu ambacho sijawahi kusikia kikiulizwa chuoni kwetu kwa sauti: je, sisi wasahihishaji tunakubaliana? Akachapa insha moja ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, akaondoa jina, akampa kila mmoja nakala. Alama ni kati ya 30. Kila mtu akasahihisha kivyake, akaandika alama kwenye karatasi, akaikunja. Zilipofunguliwa: 11, 14, 17, 19, 24.

Chumba kilikuwa kimya kama msiba. Kufaulu kwetu ni asilimia 40, kwa hiyo kati ya 30 ni 12. Kijana huyo akiangukia meza moja ameshindwa, akiangukia nyingine ana daraja la A. Na wote watano ni watu makini, nawajua, hakuna mvivu pale.

Tukaanza kuulizana sababu. Aliyetoa 11 alisema hoja ziko, lakini hakuna hata chanzo kimoja kilichotajwa. Aliyetoa 24 alisema ameona kijana anafikiri mwenyewe, hajakariri kitini, na hilo ni adimu. Wote wawili wana haki. Ila mwanafunzi hakuambiwa ni kipi tunakithamini na kwa kiasi gani, na sisi wenyewe hatukuwa tumeambiana.

Ilichukua saa tatu na birika mbili za chai kuandika mwongozo wa kusahihisha wa ukurasa mmoja: hoja alama 12, ushahidi 10, mpangilio 5, lugha 3. Lugha ndiyo iliyogombaniwa zaidi. Wakasahihisha insha nyingine, ya pili, kwa mwongozo huo. Alama zikawa kati ya 15 na 19. Si sawasawa, na sitarajii ziwe sawasawa, lakini hakuna anayefeli kwa bahati ya meza. Mwongozo utagawiwa kwa wanafunzi *kabla* ya insha, jambo ambalo msahihishaji mmoja alilipinga akisema tunawapa majibu. Mwenzake akamjibu: tunawapa swali lote, zamani tulikuwa tunawapa nusu.

Gharama ya siku nzima ni nakala 40 na vitafunwa.

12 Februari

Fizikia. Mwalimu huyu mwanzoni aliomba vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura darasani, kila mwanafunzi na chake. Kamati ilimwambia ajaribu kwanza na kadi. Alinunua karatasi za manila za rangi nne, akakata, kila mwanafunzi akapata A nyekundu, B kijani, C njano, D bluu.

Anauliza: lori la mchanga na bajaji zikigongana uso kwa uso, ni ipi inayoisukuma nyingine kwa nguvu zaidi? Kadi juu. Bahari ya nyekundu: lori. Hasemi kitu. Anawaambia, mgeukie jirani yako mwenye rangi tofauti, umshawishi. Dakika tatu za kelele. Kadi juu tena. Njano zimeongezeka: nguvu ni sawa, kinachotofautiana ni kinachompata kila mmoja, kwa sababu bajaji ni nyepesi. Kanuni ya tatu ya Newton walikuwa wameikariri tangu sekondari, na wangeiandika bila kosa mtihanini.

Njia hii ilianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliofaulu mitihani walikuwa wanashindwa maswali mepesi ya uelewa. Sisi tunapima maendeleo kwa kipimo ambacho Mmarekani Richard Hake alikitumia mwaka 1998 alipokusanya matokeo ya kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,500. Hesabu yake ni rahisi: uliongeza kiasi gani, ukigawa kwa kiasi ambacho kilikuwa kimebaki kuongezwa. Darasa lililoanza na asilimia 30 na kumaliza na 51 limepata 21 kati ya 70 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.3. Katika kozi za mihadhara mitupu Hake alipata wastani wa 0.23, na katika zile ambazo wanafunzi walishirikishwa, 0.48.

Darasa letu lilianza na 30 na limemaliza na 51. Tuko 0.3. Mwalimu alitarajia zaidi na alionekana amenyong'onyea. Nilimwambia ameanza kutumia kadi wiki ya tano kati ya kumi na tano, na asubiri darasa jipya.

19 Machi

Uuguzi, kwa ufupi kwa sababu mradi unakwenda vizuri. Swali: mtoto ana kilo 12, dozi ya parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Ampe mililita ngapi? Jibu ni 7.5. Mwalimu hakuishia kuhesabu waliokosa, aliyapanga makosa kwa aina, na zaidi ya nusu ya waliokosa wameandika 1.5. Wamepata miligramu 180, wakagawa kwa 120, wakasimama hapo. Wamesahau kwamba kila 120 iko ndani ya mililita tano. Mtoto angepata moja ya tano ya dawa yake na homa ingeendelea.

Kosa likishajulikana jina lake, dawa yake inapatikana. Sasa anafundisha na bomba la sindano na chupa halisi mkononi.

8 Mei

Mwalimu wa Ualimu amejitoa. Alichukua nusu ya kwanza, akapima mara moja, kisha akapata safari ya masomo. Amerejesha shilingi 640,000 za masurufu pamoja na risiti za EFD za zilizotumika. Uamuzi wa heshima. Namtakia heri.

Mwalimu wa Fizikia aliniuliza leo kwenye mgahawa swali ambalo nimekuwa nikilikwepa: "Hii kazi inahesabika?" Anamaanisha kupanda cheo. Jibu la kweli ni kwamba inahesabika kidogo mno. Kamati ya kupandisha vyeo inahesabu makala kwenye majarida. Saa alizokata manila na kusoma vikaratasi 400 hazina safu kwenye fomu. Mwaka 1990 Ernest Boyer aliwaambia wanazuoni wa Marekani kwamba kufundisha nako ni usomi kama usomi mwingine wowote. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Nimeandika pendekezo la kurasa mbili kwenda Seneti: mradi wa mfuko huu uliokamilisha mizunguko yote miwili, ukapitiwa na wenzake wawili wa nje ya idara, uhesabike kama makala moja. Sijui kama litapita mwaka huu. Nitalirudisha mwaka kesho.

11 Juni

Nilichokihofia kimefika. Barua kutoka ofisi ya fedha: fedha zote ambazo hazijatumika ifikapo 30 Juni zirudi kapu kuu. Sosholojia na Uhasibu wamemaliza mzunguko wa pili kwa sababu kozi zao zinafundishwa semesta zote mbili, wamelipwa. Wanaobaki ni Takwimu, Fizikia na Uuguzi, shilingi 900,000 kila mmoja, jumla 2,700,000. Kozi zao zinarudi Novemba.

Kwa macho ya kitabu cha hesabu, hizo ni fedha zilizoshindwa kutumika. Kwa macho yetu, hiyo ndiyo nusu ambayo kwa ajili yake nusu ya kwanza ilitolewa.

24 Juni

Nimekwenda kwa mhasibu mkuu. Nilijiandaa kugombana na sikugombana.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Najua ulichokuja nacho."

Nilikuwa nimebeba karatasi za Takwimu, lile fungu la Novemba. Sikuanza na kanuni, nilimwekea mezani. Akavaa miwani, akasoma kama kumi hivi, polepole. Akafika kwenye moja akacheka kidogo, akasema, "Huyu kakokotoa vizuri kuliko mimi, lakini angekuwa karani wangu angenifilisi." Kisha akaniambia kile ambacho ningekijua mapema kama ningekwenda kwake Oktoba badala ya Juni: fedha zenye mkataba uliosainiwa kwa kazi iliyokwisha kuanza zinaweza kuhamishiwa akaunti ya amana, zikavuka mwaka. Ziwe na mkataba, kiambatisho cha kazi iliyofanyika, na tarehe ya kukamilika. Bila hivyo mikono yake imefungwa.

Kila mratibu wa mfuko kama huu aende kwa mhasibu wake siku ya kwanza, akiwa na kalenda ya masomo mkono mmoja na kalenda ya fedha mkono wa pili. Mimi nilichelewa miezi minane.

30 Juni

Mikataba mitatu ilisainiwa tarehe 26. Mmoja ulirudishwa kwa sababu tarehe iliandikwa kwa penseli. Saa tisa alasiri leo nimepigiwa simu: zote tatu zimeingia amana. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, upepo wa ziwa ukinipiga usoni, sikuweza kufanya kazi nyingine tena siku hiyo.

12 Novemba

Darasa jipya la Takwimu, wanafunzi 64. Walichota vikaratasi kwenye kofia: 32 weupe, 32 wa njano. Weupe wajibu Kiingereza tu, njano lugha yoyote. Swali ni lile la ndoo 4, 5, 5, 6 na 40. Chumba kimoja, saa moja.

Waliotambua kwamba wastani wa 12 haumwelezi mfanyabiashara wa kawaida: weupe 9, njano 19.

Kundi ni dogo na mwalimu ananikumbusha hivyo kila ninapofungua mdomo. Atarudia mwakani. Lakini safari hii hakuna wiki ya kujadili bwenini inayoingilia kati.

22 Novemba

Akitegemea nusu ya pili ya fedha, mwalimu amekodi basi dogo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko Mwaloni. Wanafunzi wamegawanyika wanne wanne, kila kundi na daftari, wameelekezwa waombe ruhusa kwanza na wasimsumbue mteja. "Mwangaluka, mayu," nikawasikia wanaojua Kisukuma wakianza, na wasiojua wakiwafuatisha.

Kazi yao ni kuwauliza wauzaji kumi jana waliuza ndoo ngapi, kisha waamue ni namba gani moja ingemweleza vyema mgeni kuhusu biashara ya pale, na waitetee. Kundi moja likarudi na namba ndogo sana, wakaambiwa na mwalimu labda wamekosea. Hawakukosea. Mama mmoja aliyekaa juu ya gunia, akikaushia mikono kwenye khanga, aliwaambia kwamba siku hizi ni za mbalamwezi, boti za dagaa zimelala, maana taa haiwavuti dagaa mwezi ukiwaka. "Njooni giza likirudi muandike upya."

Kijana wa kundi hilo alimgeukia mwalimu wake na daftari wazi mkononi. "Mwalimu, kwa hiyo hata siku tuliyochagua kuuliza inabadilisha jibu?"

Kwenye ratiba, somo la uteuzi wa sampuli liko wiki ya tisa. Mwalimu alilifundisha palepale, amesimama kati ya magunia, kwa Kiswahili, na wauzaji wawili wakasogea kusikiliza.

3 Desemba

Jaribio la kufunga, safari hii wote kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wa mwisho utakuwa Kiingereza na hatuna mamlaka ya kubadilisha hilo. Waliohudhuria 62. Waliojibu sehemu ya pili sawasawa: 45. Wengi wameandika sentensi fupi zenye makosa ya sarufi na zenye maana.

Fizikia wamefika 0.41. Uuguzi wanapima wiki ijayo. Nimesaini hati za malipo za Takwimu na Fizikia, shilingi 900,000 kila mmoja, na nimezipeleka mwenyewe kwa mkono hadi ofisi ya fedha. Mama alizigonga muhuri bila kuuliza, kisha akauliza kitu kingine: kama darasa la Uhasibu bado lina nafasi kwenye mzunguko ujao, kwa sababu makarani wake wapya wote wanatoka pale.

Fomu ya maombi ya mwaka huu inatoka Jumatatu. Ina ukurasa mmoja, swali la kwanza ni lile la Oktoba, na mstari wa mwisho unataka saini ya mhasibu.